Mama Alisema Ameshiba

Mjini Embu kuna hoteli nne ambazo siwezi kukanyaga tena. Ya kwanza waliniletea chapati ngumu, nikaibeba hadi kaunta nikaigonga pale mbele ya kashia ili kila mtu asikie inavyolia. Ya pili nilipata unywele kwenye supu, na mwenye hoteli akaniambia bila aibu kwamba ni wa mbuzi. Ya tatu niliagiza maini saa saba kasorobo, nikarudi ofisini saa nane nikiwa na kijiti cha meno peke yake. Ya nne sitaki hata kuizungumzia. Wenzangu wa ofisini wameacha kuniita twende lunchi. Wanasema wakienda nami chakula hakishuki, maana macho yangu yako jikoni muda wote na miguu haitulii chini ya meza.

Ni kweli. Mimi kungoja siwezi. Nikikaa dakika kumi bila mtu kunijia, damu inaanza kunichemka, na ikichemka mdomo haufungiki. Ndugu yangu huniita afisa wa afya.

Kwa hiyo ukitafuta mtu wa kupanga mlo wa hotelini wa kuwapatanisha watu, mimi ningekuwa wa mwisho kwenye orodha. Lakini orodha yenyewe ilikuwa na mtu mmoja. Baba hayupo tena, na sisi tumezaliwa wawili tu, mimi na huyo ndugu yangu mdogo. Waliokosana walikuwa yeye na mama.

Mama anaishi kwake, juu ya mji wa Embu, kwenye kahawa yake na migomba yake. Mimi nimepanga nyumba mtaa wa Majimbo, mle mjini. Ndugu yangu ni fundi wa mabomba, anakaa Kaaga, huko Meru, na mke wake ni msichana wa Majengo, mtaa wa huko huko Meru mjini, aliyezaliwa na kulelewa kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya mabucha. Miaka mitatu iliyopita mama alifunga safari kwenda kuwatembelea kwa mara ya kwanza tangu waoane. Alibeba ndizi, maparachichi na kuku mzima. Alifika asubuhi, akakaribishwa, akapewa chai. Jioni alirudi bila kutia chakula kinywani. Nilimpokea stejini mimi mwenyewe, nikamuuliza amekula nini, akanijibu kwa sauti ndogo kwamba hakupewa.

Kwetu hilo si jambo la kucheka. Mgeni akifika, humuulizi kama atakula. Ukimuuliza ni kama unamwomba akatae. Unaingia jikoni, unapakua, unamwekea mbele, na kama kweli ameshiba ataonja kidogo asikuaibishe. Basi mama mzazi kukalishwa kutwa nzima na chai kavu, tena chai isiyo na hata mkate, lilikuwa tusi. Mama akasema nyumba ile hatakula tena maisha yake. Maneno yakafika Kaaga, na ndugu yangu naye akasema pale ambapo mke wake hathaminiwi, yeye pia hali. Akija nyumbani anasimama uani, anasalimia, anaacha sukari na unga, anaondoka. Mama anabaki na sufuria ya chakula alichompikia bila kukubali kwamba alimpikia.

Na mimi? Mimi nilisimulia. Nilisimulia kwa mashangazi, nilisimulia kwenye matanga, nilisimulia kwa fundi wangu wa nywele. Mama alikaa kule kutoka saa nne hadi saa tisa, lakini kila niliposimulia niliongeza nusu saa hapa na pale, mpaka ikawa alitoka giza likiingia. Nilimchukia yule msichana, nasema wazi. Niliona amempata ndugu yangu na kutuona sisi wa mashambani.

Kisha mwaka huu ndugu yangu akapata kazi Uarabuni, mkataba wa miaka miwili. Alinipigia simu Jumatano kunieleza kwamba ndege ni Jumatatu. Nikamuuliza, na mama? Akaniambia tiketi imeshalipwa. Wote tunajua mtoto haendi safari ya namna hiyo kabla hajala na mzazi wake. Mama anaamini hivyo kabisa. Baraka yake haimshiki mtu ambaye hawajala pamoja, na mama ana umri ambao miaka miwili si kitu cha kuchezea. Nyumbani kwake ndugu yangu hakutaka kula. Kaaga mama hakutaka kuingia. Ndipo nikasema, basi tukutane hotelini, Meru mjini, Jumamosi saa sita. Hoteli haina mwenyewe, hapo hakuna atakayesema amevunja neno lake. Wote wawili wakakubali haraka mno, nikajua walikuwa wanangoja mtu awaambie hivyo.

Sitaitaja hoteli. Ilikuwa na maua ya plastiki, vitambaa vyekundu mezani na televisheni kubwa ikihubiri kwa sauti ya juu. Mama alikuja na kitambaa chake kizuri kichwani na sweta ya kanisani. Ndugu yangu alitufikia akiwa na bahasha ya karatasi za safari kwapani. Alimsalimia mama kwa mikono miwili. Mama akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, akamwambia amekonda. Nikasema moyoni, vizuri, tumeanza.

Meza ya kwanza ilikuwa inayumba, nikatuhamisha. Ya pili ilikuwa karibu na choo, nikatuhamisha tena. Ya tatu ilikuwa na makombo ya mtu mwingine, lakini ndugu yangu aliniangalia, nikakaa.

Weita alikuwa msichana mwembamba mwenye waya wa simu sikioni. Alikuja baada ya dakika kumi na mbili. Najua kwa sababu nilikuwa natazama saa.

"Kuku wa kienyeji," nikamwambia.

"Imeisha."

"Saa sita imeisha? Mmefungua saa ngapi?"

"Iko ya kawaida, madam."

"Mukimo?"

"Hiyo ni ya Alhamisi."

"Sasa kwa nini mmeiandika hapa?"

Alitazama ile karatasi ya vyakula kwa mshangao wa mtu anayeiona mara ya kwanza. Nikachukua kuku wa kawaida na ugali. Ndugu yangu akasema yeye apewe matumbo na chapati. Nikainuka kwenda kunawa kabla damu haijapanda zaidi, nikiwaachia mama na ndugu yangu kumalizana na weita.

Beseni la kunawia lilikuwa kule nyuma. Nikafungua bomba, likakohoa, likanyamaza. Sabuni ilikuwa imechanganywa na maji mpaka ikawa maji yenye rangi. Nikamtafuta meneja. Meneja akaniambia maji yamekatwa tangu jana, nitumie yale ya mtungi. Nikamwambia mtungi wenyewe ni mkavu. Akaniambia nimpe dakika mbili. Nilimpa mbili, nikampa na nyingine tano zenye maneno. Niliporudi mezani, mama alikuwa peke yake. Ndugu yangu alikuwa nje kwenye maegesho, akizungumza kwa simu na ajenti wake wa safari, na weita alikuwa ameshaondoka.

"Umeagiza, mama?"

"Amekuja," mama akasema. "Tumeongea."

Hilo lilinitosha.

Tukangoja. Nusu saa ikapita. Ndugu yangu alirudi, akakaa, wakaanza kuzungumza na mama kidogo kidogo, habari za kahawa, habari za ng'ombe aliyekataa kushika mimba. Kila walipofika mahali pazuri, mimi nilikuwa nageuka kutazama mlango wa jikoni. Niliinuka mara mbili kuuliza. "Iko njiani," nikajibiwa mara zote mbili. Watu waliofika baada yetu wakaletewa, wakala, wakaanza kuchokonoa meno. Niliwaza ndugu yangu ana mambo ya kumalizia saa tisa, na nikaona Jumamosi yetu inaliwa na watu wasiojua hata kupika. Chupa ya tomato sosi ilikuwa imeongezwa maji, nikaitingisha tu nione itafanya nini.

Saa saba na dakika ishirini sahani zikaja. Mbili. Kuku wangu alikuwa amekauka hata mfupa ulionekana kuona aibu. Matumbo ya ndugu yangu yalikuwa yanaogelea kwenye mafuta. Mbele ya mama weita aliweka kikombe cha chai, akaenda zake.

"Ile nyingine inakuja," nikasema.

Ndugu yangu hakugusa sahani. Angewezaje? Chapati zikaanza kupoa na mafuta ya matumbo yakaganda pembeni. Mama aliweka mikono yake mapajani, juu ya kibegi chake. "Kuleni," akasema. "Nyinyi kuleni."

Nikaiona sura yake. Ilikuwa sura ileile aliyoshuka nayo stejini miaka mitatu iliyopita, midomo imebanwa, macho yanatazama ukuta. Ndugu yangu naye aliiona, lakini yeye aliisoma vingine.

"Mama," akasema polepole, "hata hapa? Hata hapa hutaki kula na mimi?"

"Sijakataa."

"Mbona huna sahani?"

"Sijaletewa."

Nilisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. Sijui nilifikaje jikoni. Nakumbuka moshi, sufuria kubwa nyeusi, na yule weita akiwa ameegemea friji na simu mkononi. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka tangu saa sita, na mengine yaliyokuwa ya zile hoteli nne za Embu. Nikamwambia mzee wa watu amekaa pale zaidi ya saa nzima, mtoto wake anasafiri, na yeye amemletea chai kama vile ni ombaomba wa barabarani. Mpishi alizima jiko ili asikie vizuri.

"Lakini shosho alisema ameshiba," msichana akasema.

"Nini?"

"Nilimuuliza. Nikamuuliza tena, nikamwambia, shosho, hata kachapati? Akasema yeye ameshiba, nimletee tu chai. Mimi naandika chenye naambiwa, madam."

Nikamshika mkono. Si kwa ubaya, ila nilitaka ayaseme hayo mezani, mbele ya mama, ili uwongo wake uonekane. Tukapita katikati ya wateja, mimi mbele na yeye nyuma, hadi kwenye meza yetu.

"Mama, huyu anasema alikuuliza kama utakula."

Mama akamtazama yule msichana. "Ni kweli," akasema. "Aliniuliza."

"Na wewe ukasema umeshiba?"

"Sasa ningesemaje?" Mama alisema hilo kwa Kiembu, na kwa hasira kidogo, akinishangaa mimi. "Mtu mzima anaulizwa na mtoto wa watu kama anataka chakula. Ajibu ndiyo? Aseme, ndiyo, nipe, nina njaa? Nilijua ataleta."

Weita hakuelewa Kiembu lakini alielewa sura zetu. Alikuwa karibu kulia. "Mimi ningejuaje?" akauliza.

Ndugu yangu alikuwa ameshika chapati. Akairudisha sahanini. Kisha akainua macho.

"Mama, siku ile. Kule kwangu. Aliwahi kukuuliza?"

Televisheni iliendelea kuhubiri. Mama akasogeza kikombe chake cha chai kidogo upande wa kulia, kisha akakirudisha.

"Aliniuliza."

"Mara ngapi?"

"Alipoleta chai aliniuliza. Na mchana tena."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nimeshiba," mama akasema. "Nikangoja alete."

Nilikaa chini. Kiti nilikuwa nimekiangusha, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha meza ya jirani. Ndugu yangu hakupandisha sauti. Alieleza tu, kwa utaratibu, kama mtu anayemwonyesha mteja mahali bomba lilipopasukia, kwamba kwao Majengo walikuwa watu saba kwenye chumba kimoja na jiko moja la mafuta ya taa. Huko huwezi kuweka sufuria motoni kabla hujauliza nani atakula, maana kilichopikwa ndicho hicho na hakuna shamba nyuma ya nyumba. Ukiuliza, mtu anakwambia ukweli. Akisema ameshiba unashukuru, unapimia wengine. Siku ile, akasema, mke wake alimuuliza mama mara mbili, akaogopa kumuuliza mara ya tatu asionekane anamlazimisha. Na mama alipoondoka amenuna, alilia, kwa sababu aliuliza, akajibiwa, asijue kosa lake liko wapi. Hadi leo hajui.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Kuna mtu aliniuliza?" akanijibu. "Simu niliyopigiwa ilikuwa yako, na ulikuwa unapiga kelele."

Ilikuwa kweli. Nilimpigia usiku ule ule kabla mama hajavua viatu, nikamtukania mke, nikakata. Nilijua kuhusu maji ya bomba, unywele wa mbuzi na mukimo wa Alhamisi. Mama yangu sikumuuliza swali la pili hata siku moja. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayopasha masikio joto.

Weita bado alikuwa amesimama pale. "Nimletee sasa?" akauliza. "Iko ugali. Kuku ndio imeisha."

Mama akainuka. Alikunja leso aliyokuwa amepangusia mikono, akaitia kwenye kibegi, akamgusa yule msichana begani na kumwambia asante kwa chai. Kisha akamgeukia ndugu yangu.

"Kaaga ni mbali na hapa?"

"Si mbali, mama. Lakini hajui tunakuja. Hajapika kitu."

"Twende."

Sahani zetu mbili tuliziacha vilevile. Nililipa bila kuangalia risiti, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada ya hapo.

Tulimkuta mke wa ndugu yangu uani akifua, ana povu hadi kwenye viwiko. Alipomwona mama akipita getini alisimama na shati limemning'inia mkononi likichuruzika maji miguuni. Alitazama kwa mume wake, akatazama kwangu, na alipofika kwangu akashusha macho, na nilistahili. Akapangusa mikono kwenye leso ya kiunoni, akatukaribisha ndani. Sanduku la safari lilikuwa wazi kwenye kochi, nguo zimekunjwa nusu. Akaliondoa ili mama akae. Akaleta chai. Akamimina, akaweka kikombe, kisha akabaki amesimama na chupa ya chai mikononi.

Alitaka kuuliza. Niliona swali limemfika kooni. Lakini mara ya mwisho kuuliza kulimgharimu miaka mitatu, na sasa hakujua aulize ama asiulize, aondoke ama akae. Ndugu yangu alifungua mdomo ili amsaidie. Mama akamwinulia kidole anyamaze.

Kiswahili cha mama ni kidogo, cha sokoni na cha kanisani, na Kimeru cha mji kinampita. Alikitafuta kile Kiswahili taratibu. Uso ulimwiva kwa haya. Alikuwa ameshika ukingo wa kochi kwa mikono yote miwili.

"Mimi," akasema, "niko na njaa."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Mwaka mmoja mvua ilitukosa tukiwa wadogo, tukala mizizi ya migomba, na kila jioni alitupakulia sisi na baba, akasema yeye amekula akiwa jikoni. Hata siku zile hakulisema. Hata hospitalini, alipokatazwa kula siku nzima akisubiri kupimwa, alipoulizwa alisema yuko sawa. Sasa alilisema kwenye nyumba ya mkwe wake, mchana, mbele yetu wote.

Mke wa ndugu yangu aliweka chupa ya chai chini. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini alikuwa tayari anatazama upande wa jikoni, kama mtu anayekumbuka mchele uko wapi na vitunguu viko wapi. Akauliza, kwa namna ya kwao, jinsi alivyofundishwa na mama yake:

"Nipike kiasi gani, mama?"

Mama akamtazama ndugu yangu, kisha lile sanduku lililowekwa sakafuni.

"Pika mingi," akasema. "Huyu anaenda mbali."